Janice, Ndoo Upesi

Mtongwe, Likoni
9 Septemba 2024

Mwanangu Janice,

Nakuamkia kwa salamu ya kwenu na ya kwetu, uchague ikufaayo. Mimi ni mzima, ila nyonga. Mwanangu Mohdhar amenipa chumba cha mbele chenye dirisha la barabarani, mkewe hunipikia uji wa mtama, na kazi yangu humu ni kulalamika tu. Naifanya kwa bidii.

Usinipigie simu tena. Juzi nilisikia ukisema mbuzi amekufa, nikakupa pole ndefu, kumbe ulisema mvua imenyesha. Sikio la kulia lilistaafu pamoja nami nilipoacha ualimu, na la kushoto linakaribia. Tuandikiane. Mohdhar huvuka feri kila siku kwenda Kipevu kutoa mizigo ya watu bandarini, na kutoka pale kufika kwako Magongo si safari. Atakuwa tarishi wetu. Nami nitakusahihishia Kiswahili chako kwa kalamu nyekundu, maana mwalimu hastaafu mkono.

Habari zako zilifika huku kabla yangu. Mke wa Mohdhar ana ile picha ya mwezi wa Julai kwenye simu yake: wewe na leso moja, povu la sabuni kichwani, ndoo mkononi, na mbele yako tingatinga limebeba kifusi cha kukifukia kisima chetu. Majirani huja kuitazama. Huuliza, "Huyu si mtu wa bara?" Nawaambia ni wa Bungoma, lakini amepanga chumba kwangu miaka mitatu, kwa hivyo nusu yake ni yangu.

Wale wenye yadi ya kuoshea malori wamewaambia watu kwamba kisima kilikufa zamani, na kwamba wao wanafukia shimo tu ili wapanue yadi yao. Kesi ni mwezi ujao. Mimi kwa nyonga hii sitaweza kufika, wakili ameshachukua maelezo yangu kwa maandishi. Wewe ndiwe utakayesimama mbele ya hakimu. Ukitetemeka, kisima kinafukiwa.

Basi kumbuka ni kisima cha nani. Zama hizo, kabla ya reli na kabla ya bandari, kulikuwa na kiangazi kikali, wakaja wavamizi kukiteka kisima chenyewe, si kuteka maji. Watu wote wakakimbia. Akabaki Mwinyi Faki peke yake. Akapiga ukelele mmoja, ardhi ikatetemeka, wavamizi wakatupa mikuki yao na hadi leo hawajarudi. Nyanya yangu alinisimulia, nami niliwasimulia watoto wa darasa la nne kila mwaka. Huyo ndiye shujaa. Hakuwa na kamati wala kipaza sauti.

Nilipokuita siku ile ulikuja mbio. Nami nimeliweka hilo moyoni.

Mimi wako,
Bi Wardah


Magongo
13 Septemba 2024

Bi Wardah,

Shikamoo. Mimi niko poa, yaani sijambo. Najua kalamu nyekundu ishatoka.

Nyumba ni salama. Kanze wa chumba cha pili amepata paka, na paka amepata kiti chako cha uani. Kiwandani bado nashona mifuko ya suruali, mifuko tu, suruali nzima sijawahi kuiona. Kila asubuhi kabla ya zamu nateka maji kisimani na kumwagilia mrihani wako. Wanawake wa mtaa tumepeana zamu. Hata mfereji ukiwa na maji tunateka, kisima kisije kikaitwa maiti.

Sasa nikuambie hiyo maneno ya fulana. Unamkumbuka Lenox, yule kijana wa kamati ya mazingira, mrefu, anayevaa viatu vilevile kila siku? Amechapisha fulana. Mbele ni picha yangu na povu langu. Nyuma ni neno lako: SIONDOKI. Dereva wa tingatinga alipokuambia uondoke pale ukingoni mwa kisima, nawe ukamjibu "Siondoki", Kanze alikusikia kutoka dirishani, na tangu hapo neno halina mwenyewe. Mtoto wa jirani akiitwa akaoge anasema siondoki.

Lenox ameombewa nafasi jukwaani Sikukuu ya Mashujaa. Anataka nisimame kando yake, aseme kwamba huyu ndiye Mwinyi Faki wa leo. Yeye anaamini kwamba mashujaa wa zamani hawajaisha, wamebadilisha nguo tu, na sasa wanaitwa wanaharakati. Anaongea vizuri, ukimsikiliza unaamini. Kisha narudi chumbani najitazama, naona Janice.

Bi Wardah, mimi si shujaa. Shujaa ni wewe uliyeketi mbele ya kile chuma. Mimi nilikuwa naosha nywele. Ulipoita "ndoo, ndoo upesi", nilitoka hivyohivyo na sabuni machoni. Sikuuliza kwa nini. Mtu mzima akiita, unaitika. Wewe mwenyewe ulinifundisha kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako, na hii sifa naiona ya kuazima.

Na nina swali. Mwinyi Faki hakuogopa? Wote walikimbia, kwa nini yeye alibaki? Hadithi yako hapo imepita haraka.

Wako mtiifu,
Janice Wafula


Mtongwe
22 Septemba 2024

Mwanangu Janice,

Maneno ni mengi. Si "hiyo maneno", ni "hayo maneno". Miaka mitatu, Janice.

Mwambie Kanze kwamba paka nimemsamehe, kiti sijakisamehe.

Swali lako limeninyima usingizi wa mchana, na huo ndio usingizi pekee niliobakiza. Watoto wangapi wamepita darasani mwangu, wengine leo ni madaktari, na hakuna hata mmoja aliyeuliza kwa nini Mwinyi Faki hakukimbia. Amekuja kuuliza mshona mifuko.

Basi sikiliza. Kuna hadithi ya barazani na kuna hadithi ya uani. Ya barazani husimuliwa na wanaume, na ndiyo niliyokupa. Ya uani husimuliwa na wanawake wakichambua mchele, nami sijawahi kumpa mtu asiyekuwa wa damu yangu. Wewe nakupa, ila usimpe Lenox, ataitia kwenye fulana.

Mwinyi Faki hakuwa mpiganaji. Alikuwa fundi wa visima. Siku ile alikuwa chini, ndani ya kisima, tope magotini, anafukua ili maji yapatikane. Wenzake wako juu wameshika kamba. Walipowaona wavamizi wakaiachia kamba wakakimbia. Yeye atakimbilia wapi? Akapiga ukelele, "Nitoeni!" Kisima kikaichukua sauti kikaikuza, na wale wavamizi wakadhani ardhi yenyewe inazungumza, wakatimka. Mbio zao ndizo zilizoingia kwenye hadithi. Tope halikuingia.

Nilimuuliza nyanya, basi ushujaa wake uko wapi? Akaniambia, chambua mchele. Mwisho wake alinipa siku nyingine, nami nitakupa siku nyingine.

Kuhusu mashujaa wa Lenox, sina ugomvi naye. Ninachoogopa ni haraka. Zamani mtu alikufa kwanza, vikapita vizazi kadhaa watu wakimtia chumvi, ndipo akawa shujaa. Siku hizi mtu anapigwa picha asubuhi, adhuhuri yuko kifuani mwa watu. Hata kunyoosha nywele hakupata nafasi.

Na kuhusu mimi na hilo neno la mgongoni, mwambie asichapishe nyingi. Mengine tutazungumza tukionana.

Wako,
Bi Wardah


Magongo
9 Oktoba 2024

Bi Wardah,

Shikamoo. Hayo maneno yako ya uani nimeyasoma nikiwa nimekaa ukingoni mwa kisima, nikachungulia chini, nikacheka peke yangu. Nilimpenda Mwinyi Faki zaidi akiwa ndani ya tope. Lenox sijamwambia.

Lakini leo naandika kwa sababu nina shida. Kesi ni Jumanne, tarehe kumi na tano. Jana Lenox aliniletea karatasi ya maneno ya kusema mbele ya hakimu. Imeandikwa vizuri sana. Humo nasema kwamba nililiona tingatinga kutoka chumbani, nikaapa kwamba litapita juu ya mwili wangu, nikakimbia kulizuia.

Nikamwambia, Lenox, sikusema hivyo. Sikusema chochote. Nilikuwa na sabuni machoni, na tingatinga lenyewe nililiona vizuri nilipokuwa nimeshateka. Ukweli ni kwamba Bi Wardah alitaka ndoo, nikampelekea ndoo, nikamtekea maji. Ni hivyo tu. Niliinua macho nikaona dereva amezima injini na watu wanapiga picha.

Lenox aliitazama ile karatasi. Hakunikasirikia, ingekuwa afadhali. Akasema, "Janice, ukisimama mbele ya hakimu useme ulikwenda kuteka maji tu, tumekwisha. Wao wana pesa na wakili mkubwa. Sisi tuna shujaa."

Bi Wardah, huyu kijana kila Alhamisi anakwenda ofisi za kaunti kuulizia hati za kile kisima. Anakaa kwenye benchi hadi wanafunga, wiki ijayo anarudi. Hakuna anayempiga picha. Sitaki nimwangushe. Na nikifikiria kisima kikifukiwa kwa sababu yangu, nashona mifuko kombo. Lakini nitaapa, na kwetu mtu akiapa uongo nyumba ya baba yake inajua.

Niseme la Lenox au niseme langu? Nijibu kabla ya Jumanne.

Wako,
Janice


Mtongwe
11 Oktoba 2024

Janice,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Ndoo gani? Mimi sikutaka ndoo.

Mohdhar yuko Voi na lori la mteja lililoharibika njiani, hatarudi kabla ya Alhamisi. Barua hii nampa jirani yetu Garama anayekwenda Changamwe. Amesema ataileta akipata nafasi, na sura yake si ya mtu atakayepata nafasi. Naandika hivyohivyo.

Sasa nisikilize, na usinicheke kabla ya mwisho. Asubuhi ile nilikwenda kisimani kuchuma mrihani. Nikaketi ukingoni nipumzike kidogo. Nilipotaka kuinuka, nyonga ikakataa. Ilikamata kabisa, mguu haukuwa wangu. Ndipo likaja lile tingatinga. Dereva akashuka, akaniambia, "Mama, ondoka." Ningemwambia nini? Mwanamume nisiyemjua, nimwambie nyonga yangu imekwama, aje anishike kiunoni aninyanyue mbele ya watu? Nikamwambia siondoki. Lilikuwa jibu la heshima tu, Janice. Ningeweza kuondoka ningekuwa nimefika Miritini.

Ndipo nikakuita wewe uje uninyanyue, tukimbie sote wawili. Na mimi nikizungumza nawe siku zote huzungumza Kiswahili cha darasani, nisikuchanganye. Lakini maumivu yaliponibana, ulimi ulirudi kwa mamangu. Kwetu Mvita njia ni ndia, njaa ni ndaa, na njoo ni ndoo. Nilisema njoo, mwanangu. Njoo upesi.

Nawe ukaja na ndoo.

Nimecheka hadi mke wa Mohdhar akaja mbio. Kisha nikaacha kucheka, kwa sababu nimekumbuka nilichomwambia wakili. Nilimwambia, "Nilimwita Janice aje." Nyonga nikaificha, kwa haya zangu za kizee. Wewe utasema nilitaka ndoo, mimi nimesema nilikuita uje, na wakili wa yadi si mjinga. Nimekuwekea mtego bila kujua, na roho inaniuma.

Sema lako. La Lenox ni zuri lakini halikutokea. Ikiwa kisima kitakwenda, kiende na ukweli wake. Nisamehe.

Bi Wardah


Magongo
17 Oktoba 2024

Bi Wardah,

Shikamoo. Garama alileta barua yako Jumatano. Kesi ilikuwa Jumanne. Kwa hivyo nitakueleza kwa mpangilio, nawe usiruke mistari.

Usiku wa Jumatatu nilimrudishia Lenox karatasi yake. Nikamwambia siwezi. Akaikunja, akaitia mfukoni, akasema, "Basi sema unavyojua." Asubuhi alinisindikiza hadi kortini, na njiani alinunua chungwa akanipa nusu.

Hakimu ni mama wa makamo, mpole wa sauti. Wakili wetu aliniuliza nilikwenda kisimani kufanya nini. Nikasema, Bi Wardah aliitisha ndoo, nikampelekea, nikateka maji. Watu wa nyuma waliovaa fulana wakanong'ona. Nilimwona Lenox ameinamisha kichwa.

Kisha akasimama wakili wa yadi, na karatasi yako mkononi. Akasoma, "Nilimwita Janice aje." Akanigeukia.

"Bibi huyu anasema alikuita uje. Wewe unasema aliitisha ndoo. Mliitana mje mfanye fujo, au mliitana mteke maji? Nani kati yenu anaidanganya korti?"

Bi Wardah, niliitazama karatasi yako mkononi mwake. Nilijua siongopi, na nilijua wewe huongopi, na sikuelewa. Niliona kisima kimefukiwa, na juu yake malori.

Hakimu akaniambia, "Usiogope. Alitamka neno gani hasa?"

"Alisema, Janice, ndoo, ndoo upesi."

Kulikuwa na karani wa korti, mzee mwenye kofia ya viua, Mzee Mansur wa Kisauni. Alikuwa anaandika. Akaiacha kalamu, akajifunika mdomo kwa kiganja, mabega yanatikisika. Hakimu akamuuliza kuna nini. Akasema, "Niwie radhi, mheshimiwa. Kwa wazee wetu wa Mvita, ndoo ni njoo. Bibi alimwita aje. Binti wa watu akaenda na ndoo."

Korti yote ilicheka. Askari wa mlangoni alicheka. Mimi nilisimama pale kama nguo kwenye kamba, miaka mitatu chini ya paa lako na sikuwahi kulijua hilo. Wakili wa yadi peke yake hakucheka, nafikiri alishaona tunakoelekea.

Hakimu aliponyamazisha watu aliniuliza, "Basi wewe uliposikia ndoo, ulifanya nini?"

"Niliteka, mheshimiwa."

"Uliteka nini?"

"Maji."

"Katika kisima ambacho naambiwa kilikufa miaka mingi?"

"Labda hakijaambiwa, mheshimiwa. Tunateka kila siku."

Akaandika kwa muda mrefu. Kisha akasema kwamba mtu aliyekwenda kuzuia tingatinga angeweza kubeba kitu chochote, hata jiwe, lakini mtu anayesikia ndoo akakimbilia kisimani bila kuuliza, huyo anajua kisima kina maji. Akasema atakuja mwenyewe kukiona, tarehe ishirini na tisa.

Nje Lenox alikaa kwenye ngazi. Nilidhani ana hasira. Akasema, "Ungesema maneno yangu, wangesema ni maandamano ya siku moja." Akaitoa ile karatasi mfukoni akafungia maganda ya chungwa.

Barua yako niliisoma jana nikitoka zamu. Nilicheka hadi Kanze akagonga ukuta. Kisha nililia kidogo. Nilikupita, Bi Wardah. Wewe umekaa hapo huwezi kuinuka, chuma kile mbele yako, unaniita nikunyanyue, na mimi nikakupita na ndoo yangu. Mbona hukusema siku zote hizi?

Sasa nihesabie mashujaa wetu. Mmoja hakuweza kusimama. Mmoja hakusikia vizuri. Mmoja alikuwa chini ya kisima.

Wako,
Janice


Mtongwe
Mkesha wa Sikukuu ya Mashujaa, 2024

Janice,

Ulinipita, ndiyo. Nilikutukana kimoyomoyo, tusi la Kimvita, bahati yako hungelielewa.

Kisha nikakuona umeinama unateka, povu linakudondoka shingoni. Dereva akakuangalia, akazima injini, maana mtu hawezi kumwaga kifusi mahali ambapo mtu anateka maji. Akatoka Kanze na ndoo yake, akidhani kuna zamu. Wakatoka wa nyumba ya pili. Kufika adhuhuri kulikuwa na foleni hadi barabarani. Nami nimekaa palepale, nikasema moyoni, afadhali nyonga hii.

Sikusema kwa sababu nilipenda kuitwa shujaa. Mwanamke akishapita miaka sabini huitwa mgonjwa tu.

Nenda ukampigie Lenox makofi jukwaani. Hizo Alhamisi zake nimezisikia.

Bi Wardah


Mtongwe
18 Novemba 2024

Mwanangu Janice,

Mohdhar amenisomea hukumu neno kwa neno, na kwa sauti ya kutosha mtaa mzima. Kisima kisiguswe. Yadi ijenge ukuta wake mbali nacho. Maji machafu ya malori yasielekezwe upande ule. Nimemwambia arudie mara mbili, kisha nikamwambia mkewe apike pilau.

Siku hakimu alipokuja kukiona kisima, nami nikaletwa na Mohdhar hadi uani, wewe ulikuwepo, lakini ulikuwa umeinama unateka, hukuona niliyoyaona mimi kutoka kwenye kiti changu. (Nilimwondoa paka.) Nyuma yako kulikuwa na wanawake na ndoo zao, nyekundu, buluu, na moja kopo kuukuu la rangi ya nyumba. Hakuna aliyepiga kelele. Lenox alikuja bila kipaza sauti, amebeba ndoo ya Kanze, na viatu vyake vilevile vimelowa. Hakimu akaonja maji, akakunja uso, akasema, "Ni ya chumvi. Lakini ni maji." Na mrihani wangu pale ukingoni umeota hadi kiunoni. Nilipouona nilijua umeunywesha kila asubuhi kabla ya zamu, hata siku ambazo hukuniandikia.

Nilikuahidi mwisho wa hadithi ya uani. Nyanya alinipa wiki niliyoanza kazi ya ualimu, niliporudi nyumbani nikilia kwamba watoto hawanisikilizi.

Wavamizi walipokwisha kukimbia, watu wakarudi. Wakaiteremsha kamba, wakamtoa Mwinyi Faki, tope mwili mzima. Wakambeba mabegani, wakataka kumchinjia ng'ombe. Akawaambia wamshushe. Akasema tope halijaisha. Akaifunga kamba kiunoni, akashuka tena, na walioshika kamba juu walikuwa walewale walioiachia.

Hapo ndipo nyanya aliponiambia, "Ukelele ulikuwa wa bahati. Kushuka mara ya pili hakukuwa kwa bahati." Siku hiyo nilidhani ananiambia nirudi darasani, nikarudi. Sasa naona alikuwa ananijibu swali langu la utotoni, lile la ushujaa wake uko wapi. Mimi sikushuka mara ya pili, nyonga ilinivusha hadi Likoni. Wewe uliteka kila asubuhi. Lenox alirudi kwenye lile benchi kila Alhamisi. Mkiwa na Mwinyi Faki mnaweza kuketi mkeka mmoja, na nadhani atakuuliza tu kama mna sabuni.

Nimefurahi, Janice. Sijui niliseme vipi kwa Kiswahili cha darasani, kwa hivyo nitalisema kwa cha mamangu, nawe safari hii usikilize vizuri.

Jumapili ndoo Mtongwe, tule. Mlete na Kanze, mlete na Lenox. Hiyo ndoo ni ya kuja. Lakini ikiwa ile nyingine ipo karibu, ije nayo, maana mfereji wa hapa umekauka tangu juzi.

Mimi wako,
Bi Wardah